Mume wangu ni mwembamba, mbona ana sukari?

Maswali ya wasomaji kuhusu chakula na mwili. Anayejibu ni muuguzi mstaafu, mkazi wa Rau, Moshi.

Shikamoo mama. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Soweto hapa Moshi. Mume wangu ana miaka 41, anaendesha Kosta ya Moshi–Arusha. Ni mwembamba tangu nimjue, ana kilo 61 na urefu wa mita 1.74. Ana kitambi kidogo, lakini akivaa shati hakionekani. Juzijuzi alianza kuamka usiku mara kwa mara kwenda kukojoa, na kiu haimwishi. Tukaenda kupima asubuhi kabla hajala, sukari ikawa 11.8. Wakarudia siku nyingine ikawa 12.1. Amepewa dawa.

Mama mkwe amekataa katakata. Anasema kisukari ni ugonjwa wa mabonge na matajiri, mwanawe ana njaa tu kwa sababu mimi simpikii. Ukweli ni kwamba hashindi nyumbani. Asubuhi anakunywa supu na chapati mbili stendi, mchana chipsi mayai Bomang'ombe au Usa River, na soda haikosi, mbili hadi tatu kwa siku. Usiku anarudi amechoka, anakula ugali mkubwa, analala.

Halafu kuna dada yangu anayeuza ndizi Mbuyuni. Ana kilo 92 na urefu wa mita 1.62. Alitusindikiza, naye akapima: presha nzuri, sukari 5.0. Sasa nyumbani wananiuliza, kama kipimo ni cha kweli, mbona mnene yuko salama na mwembamba ndiye mgonjwa? Mama, naomba unieleweshe. Nimpikie nini asizidi kukonda? Na dada yangu aendelee tu alivyo?
*Mama wawili, Soweto, Moshi*

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza. Pole zaidi kwa hayo maneno, kwa sababu mgonjwa wa sukari anahitaji nyumba iliyotulia, na nyumba yako naona haijatulia.

Kipimo hakijakosea. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikifika 7.0 au zaidi, na ikirudiwa ikabaki huko, hicho ni kisukari, mtu awe na kilo 50 au 150. Kwa hiyo dawa asiziache hata siku moja kwa ajili ya mjadala wa nyumbani. Nalisema hili kwanza kabla ya yote, maana katika kazi yangu nimeona watu waliozikwa huku dawa zao zimejaa kabatini, kisa shangazi au jirani kasema "wewe na sukari wapi na wapi".

Sasa hili la wembamba. Kliniki wakishakupima kilo na urefu, wanagawanya kilo kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe. Mume wako anapata 20, na kwa kuwa kuanzia 18.5 hadi chini kidogo ya 25 huhesabiwa kuwa uzito unaofaa, karatasi inasema yuko vizuri. Dada yako anapata 35, na kuanzia 30 karatasi inasema unene uliopindukia. Hesabu hiyo asili yake ni ya Mbelgiji Adolphe Quetelet, miaka ya 1830. Alikuwa mtu wa hesabu na elimu ya nyota, wala hakuwa daktari. Alikuwa anatafuta umbo la mtu wa kawaida katika kundi kubwa la watu. Wataalamu wa afya waliichukua baadaye kwa kuwa ni rahisi, na kweli inasaidia ukitaka kujua hali ya mji mzima au nchi nzima. Kwa mtu mmoja aliyekaa mbele yako inaficha mambo mawili makubwa: haijui kilo zile ni za misuli au za mafuta, na haijui mafuta yenyewe yamekaa wapi.

Na mahali yalipokaa ndiyo habari yote. Mafuta ya mapajani, makalioni na mikononi yako chini ya ngozi, unaweza kuyashika kwa vidole. Mengine yako ndani ya tumbo, yamezunguka utumbo, yameingia hata kwenye ini na kwenye kongosho, kile kiungo kinachotengeneza insulini. Insulini ndiyo inayoiwezesha sukari kutoka kwenye damu na kuingia kwenye misuli itumike. Mafuta ya ndani yakizidi, mwili unaacha kuitii insulini, kongosho linalazimika kutengeneza zaidi na zaidi mpaka linachoka. Mtu anaweza kuwa na mikono myembamba, shingo nyembamba, miguu myembamba, na mafuta haya akawa nayo. Kile kitambi unachosema hakionekani akivaa shati, mimi ndicho kinachonitia wasiwasi kuliko kilo zote za dada yako.

Chukua tepu ya fundi cherehani. Asimame, avue shati, apumue kawaida na kutoa pumzi, asibane tumbo. Tafuta ubavu wa mwisho chini, tafuta ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, katikati ya hapo ndipo unapopitisha tepu, iwe sawa mbele na nyuma. Usipime pale anapofungia mkanda, wanaume wenye kitambi hufunga mkanda chini yake, na saizi ya suruali inabaki ileile ya siku ya harusi. Kiuno cha mtu kisizidi nusu ya urefu wake. Kwa mume wako nusu ni sentimita 87. Ukikuta 93 au 95, umeshapata jibu ambalo mizani haikukupa.

Halafu tazama kazi yake. Misuli ndiyo ghala kubwa la sukari mwilini, na misuli isiyofanya kazi haiombi sukari. Kutoka Moshi hadi Arusha ni kama kilomita 80, amekaa, anarudi amekaa, anakwenda tena. Katika miaka ya 1990 watafiti waliwapima watu wa Ilala, Dar es Salaam, wakawalinganisha na wa Shari, kijiji cha huku kwetu Hai. Wa Ilala walikutwa na kisukari mara kadhaa kuliko wa Shari, na watu wa Shari ndio waliokuwa na miili myepesi na shughuli nyingi za kutumia nguvu. Mume wako ana uzito wa mtu wa Shari na siku ya mtu wa mjini.

Na huo ugonjwa wa matajiri anaousema mama mkwe, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kwa watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta watu 9 katika kila 100 wana kisukari. Tanzania haina matajiri wengi kiasi hicho.

Kuna jambo jingine ambalo daktari wake inabidi aliangalie, na wewe umkumbushe. Mtu mwembamba akipata sukari, tusikimbilie kusema ni ileile aina ya pili ya kila mtu, hii niliyoieleza ya mwili kutoitii insulini. Ipo aina ya kwanza, ambayo kinga ya mwili inaharibu kongosho, na inaweza kuanza ukubwani. Na mwezi Aprili 2025, kwenye mkutano wa Shirikisho la Kimataifa la Kisukari huko Bangkok, ilitambuliwa rasmi aina ya tano, inayowapata watu wembamba waliokosa lishe ya kutosha, mara nyingi tangu utotoni. Dawa za hawa wote si zilezile, wapo wanaohitaji sindano ya insulini mapema. Kama anazidi kupungua kilo huku anakula na kunywa dawa, mrudishe bila kungoja tarehe ya kliniki. Waulize pia kuhusu kifua kikuu, kwa sababu sukari na TB hufuatana sana, na vyote viwili vinakondesha.

Kuhusu mama mkwe, usimchukie. Sisi wa umri wake tuna sababu ya kuogopa wembamba. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walionekana Kagera mwaka 1983, na kwa miaka ishirini iliyofuata kukonda ndiyo ilikuwa hukumu. Nilikuwa muuguzi kijana miaka ile. Mtu akipungua shavu, watu walikwepa hata kukaa naye benchi moja kanisani. Mama alikuwa akimwona mwanawe kakonda, anaanza kulia kabla hajamsalimia. Dawa za bure za kupunguza makali ya virusi zilianza kutolewa 2004, na leo mtu anaishi na VVU akiwa amenawiri na ananyonyesha mtoto asiye na maambukizi. Lakini ile hofu haikuondoka na dawa. Ndiyo maana mpaka leo tukikutana stendi neno la kwanza ni "umenenepa, hongera" au "mbona umekonda, kulikoni?" Mama mkwe wako akimtazama mwanawe anaona njaa na kifo. Siku ya kliniki nenda naye. Mwombe muuguzi amweleze mbele ya mwanawe, na akimaliza mwombe ampime na yeye presha na sukari. Kwa umri wake anahitaji, na mtu akishapimwa mwenyewe huwa anasikiliza vingine.

Tuje kwenye chakula. Kwanza soda. Soda ya mililita 350 ina karibu gramu 37 za sukari, yaani vijiko tisa vya chai. Tatu kwa siku ni vijiko 27. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na ikiwezekana ishuke hadi 25. Mume wako anaimaliza ile 25 kabla hajaimaliza chupa ya kwanza, na hapo hatujahesabu chai. Akiacha soda peke yake, bila kubadili kitu kingine, utaona tofauti kwenye kipimo. Juisi ya dukani isije ikachukua nafasi yake, hata ile iliyoandikwa ni ya matunda. Maji. Chupa ya lita moja na nusu pembeni ya kiti, basi.

Supu ya asubuhi siigombi, aache chapati mbili achukue moja, au ndizi mbili za kuchemsha. Chipsi mayai ya kila siku iishe. Mafuta kijiko kimoja cha chakula yana kilokalori kama 120, na wewe umewahi kusimama pale kwenye karai ukaona yanavyomiminwa kwenye kikaango kabla ya mayai, si kijiko kile. Mafuta yenyewe yamechemka tangu asubuhi, yamekuwa meusi. Mfungie chakula kwenye hotpoti. Madereva wengi wanaona aibu kubeba chakula cha nyumbani, mwambie abebe hivyohivyo.

Cha kumfungia tunacho tele. Kiburu, yaani ndizi na maharage, ni chakula bora kwa mgonjwa wa sukari kikipikwa bila mafuta mengi, kwa sababu maharage huifanya sukari iingie kwenye damu polepole. Makande vilevile. Ndizi ziwe mbichi zile za kupika, zilizoanza kuiva zina sukari zaidi. Mtori mpishie, ila usiusage ukawa uji mlaini kabisa, acha vipande. Weka mnafu au mchicha ujaze nusu ya sahani. Nusu sahani, mwanangu, sisemi kijiko kimoja cha pembeni kama pambo. Robo iwe nyama, samaki, dagaa, mayai au maharage. Robo inayobaki ndiyo ya ugali, na ugali uwe wa dona. Sembe nyeupe imeshatolewa pumba na kiini, tumbo linaisaga upesi na sukari inapanda upesi. Parachichi la hapa kwetu limpe, lina mafuta mazuri na litamsaidia asipungue. Kwa kuwa ni mwembamba, usimnyime chakula. Mgawie milo mitatu na kitu kidogo katikati, karanga kiganja kimoja au maziwa ya mgando yasiyo na sukari. Uzito arudishe kwa protini na kwa kazi ya misuli. Gari likisubiri zamu stendi, asilale kwenye kiti, atembee dakika ishirini kuzunguka soko.

Jambo moja la hatari, tafadhali lisome mara mbili. Angalia jina la dawa aliyopewa. Metformini peke yake kwa kawaida haishushi sukari kupita kiasi. Glibenklamidi na wenzake, na insulini, zinaweza, hasa akinywa dawa akaruka mlo. Mtu anatetemeka, jasho linamtoka, macho yanaona ukungu, anaongea visivyoeleweka. Huyu ana abiria nyuma yake. Akisikia dalili hizo aegeshe gari kabla ya kitu kingine chochote, anywe maji yenye vijiko vitatu vinne vya sukari, asubiri robo saa, ale chakula. Asiwashe gari mpaka awe sawasawa. Na amwambie kondakta wake, asione haya.

Dada yako sasa. Nafurahi kwamba vipimo vyake ni vizuri, na sababu naziona: anabeba mikungu, anasimama siku nzima, huenda mafuta yake mengi yako nyongani na mapajani. Lakini usimwambie yuko salama. Watu wanene wenye vipimo vizuri wakifuatiliwa kwa miaka mingi, wengi wao vipimo hubadilika. Magoti yanabeba kilo zile kila siku hata kama sukari ni 5.0. Muulize kama anakoroma na kukatika pumzi usingizini, kama anaamka amechoka. Saratani ya mfuko wa uzazi, na ya titi baada ya kukoma hedhi, huwapata zaidi wanawake wanene. Simwambii awe na kilo 60. Akipungua tano au sita, magoti yatapata nafuu ya kweli. Apime presha na sukari kila mwaka. Na apime kiuno, kwa urefu wake nusu ni 81.

Na ninyi nyote hapo nyumbani, msiruhusu ndugu hawa wawili wagombanishwe kwa kulinganishwa miili. Nimesikia vikao vya familia ambavyo mnene anatukanwa kwa kula na mwembamba anatukanwa kwa kutokula, wote wakiwa wamekaa kwenye sinia moja.

Shikamoo mama. Nina miaka 24, niko chuo Arusha, nimepanga Ngarenaro. Sendofu yangu ni Desemba. Nina kilo 52, urefu 1.63, sijawahi kulazwa. Mawifi zangu watarajiwa wananiita kimbaumbau na wanasema gauni halitakaa. Rafiki yangu kaniletea vidonge vya kunenepa kwenye kikaratasi, havina jina, vingine vya waridi na vingine vidogo vyeupe. Yeye ametumia wiki mbili tu, mashavu yamejaa. Ninywe?
*Bibi harusi mtarajiwa, Arusha*

Marahaba mwanangu. Usinywe hata kimoja.

Sijaviona, kwa hiyo siwezi kukuambia kwa uhakika ni nini, na wewe pia huwezi, na hilo peke yake linatosha kukataa. Ila vidonge vinavyozunguka mtaani kwa kazi hiyo mara nyingi ni vya aina mbili. Kuna siproheptadini, dawa ya mzio, inayoleta njaa na usingizi mzito. Na kuna deksamethasoni au prednisoloni, dawa nzito ambazo madaktari huzitumia kwa pumu kali na magonjwa mengine, kwa kipimo na kwa uangalizi. Mashavu kujaa ndani ya wiki mbili ni alama ninayoifahamu vizuri. Uso unakuwa wa duara, maji yanakaa mwilini, mafuta yanajikusanya tumboni na nyuma ya shingo, huku misuli ya mikono na mapaja ikipungua. Yaani mtu anapata unene ule mbaya hasa niliomweleza mama wa Soweto hapo juu. Sukari inapanda, presha inapanda, mifupa inadhoofu, kinga inashuka.

Sasa kuhusu rafiki yako, na hapa nakuomba umfikishie ujumbe leo. Kama ni hizo deksamethasoni au prednisoloni, na amezitumia kwa wiki kadhaa, asiache ghafla peke yake. Dawa hizo hufanya kazi kama homoni ya mwili wenyewe; mwili ukizoea kuipata kutoka nje, unaacha kutengeneza ya kwake, na mtu akikata siku moja anaweza kuanguka, presha ikashuka vibaya. Aende kwa daktari na vile vidonge mkononi, aseme ukweli wote, apunguziwe taratibu.

Wewe kwa urefu huo na kilo hizo unapata 19.6. Ni uzito wa kawaida kabisa. Kama hedhi inakuja kwa mpangilio, hupungui kilo bila sababu, huna kikohozi cha muda mrefu wala uchovu usioelezeka, huna ugonjwa. Ukitaka kuongeza kidogo kwa kupenda kwako mwenyewe, kula kifungua kinywa, kunywa maziwa, ongeza parachichi, mayai, karanga, na fanya mazoezi ya kubeba uzito hata kama ni ndoo ya maji. Kilo mbili kabla ya Desemba zinawezekana. Na gauni, mwanangu, fundi analishona kwa vipimo vya mtu aliyesimama mbele yake, hiyo ndiyo kazi yake. Mchumba wako anajua unavyosemwa? Mwambie. Ni ndugu zake, yeye ndiye anayepaswa kuwanyamazisha, na ni vizuri uone mapema kama ataweza.

Mama, salaam. Nafanya kazi ya ofisini, naishi Njiro. Nilikuwa kilo 98. Nimeacha kula asubuhi na mchana, nakunywa maji ya moto na ndimu, usiku nakula. Jumamosi na Jumapili napumzika, tunakwenda nyama choma na bia. Nilishuka kilo nne, zimerudi tano. Ndimu haifanyi kazi?
*Baba wa Njiro*

Salaam baba. Ndimu haiyeyushi mafuta, iwe kwenye maji ya moto au ya baridi. Ina vitamini C na inachangamsha mdomo, inaishia hapo.

Kushinda na njaa siku tano halafu kula na kunywa siku mbili kunarudisha ulichopunguza, na umeshayaona hayo kwa mizani yako. Pombe yenyewe ina nishati karibu sawa na mafuta, na inalainisha nia, sahani ya pili inaagizwa bila mtu kukumbuka ya kwanza. Kula asubuhi chakula cha kweli, mayai na ndizi za kuchemsha, kula mchana, punguza usiku. Nyama choma ukienda nayo na kachumbari nyingi na ndizi moja, bila chipsi, haikudhuru mara moja kwa wiki. Bia zipunguze kwanza. Tembea nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki, hizo ndizo dakika 150 zinazoshauriwa, na Njiro kuna vilima vya kutosha. Na upime sukari na presha sasa, usingoje ushuke kilo ndipo uende kwa daktari.

Shikamoo. Mwanangu wa kiume ana miaka 10, tuko Kiboriloni. Ni mnene, shuleni wanamwita Bonge, hata mwalimu wa zamu anamwita hivyo. Ameanza kukataa shule. Baba yake anataka tumpunguzie chakula, ale mara moja kwa siku. Nifanyeje?
*Mama Kiboriloni*

Marahaba. Mwambie baba yake, kwa heshima zote, hapana. Mtoto wa miaka 10 anaongezeka urefu, ukimnyima chakula unanyima mifupa na ubongo, na unamfundisha kula kwa kujificha. Hata ile hesabu ya kilo na urefu ya watu wazima haimhusu, watoto wana chati yao kwa umri na jinsia. Mpeleke kliniki wampime kwa chati hiyo kabla hamjaamua lolote.

Mengi ya watoto hawa yako kwenye vitu vidogo: pesa ya shule inayogeuka krispi, ubuyu wa sukari na juisi za pakiti, na jioni nzima kwenye simu ya mama. Badala ya pesa mpe embe, au viazi vitamu vilivyochemshwa. Soda iondoke nyumbani kwa wote, baba akiwamo, mtoto asikae mezani akiangalia wenzake wanakunywa. Simu izimwe saa kumi na moja jioni, atoke akacheze. Alale mapema, watoto wasiolala vya kutosha hunenepa kirahisi zaidi. Kwa umri wake mara nyingi hatuhitaji ashuke kilo, inatosha zisimame wakati urefu unapanda.

Shule nenda mwenyewe, usimtume mtu. Omba kuonana na mwalimu mkuu pamoja na huyo wa zamu, useme bila kugomba kwamba mtoto ana jina lake na unaomba aitwe kwa jina hilo, na kwamba ameanza kukataa shule kwa sababu hiyo. Nenda asubuhi kabla ya gwaride. Kisha niandikie uniambie walijibu nini.